Tulienda Kununua Viatu

Mwaitu alinipigia simu Jumapili saa nne usiku, wakati ambao huwa amelala kitambo. Hakunisalimia.

"Kijana wa mama yako mdogo ameuza sola."

"Sola gani?"

"Ile ya chama. Ameipeleka Kabati, akapewa elfu mbili."

Nikanyamaza. Akina mama wa chama walikuwa hata hawajamaliza kuilipia. Kisha Mwaitu akaniomba jambo lililonifanya niandike haya yote. Nifunge safari kutoka Nairobi hadi Matinyani. Nimwambie binamu yangu, ambaye ana miaka 16, kwamba nataka kumpeleka Kitui mjini nikamnunulie viatu. Tukishuka stejini tutakuta gari limetungoja.

"Wewe atakuskiza," alisema. "Na unajua huko kulivyo. Wewe ulienda, ukapona."

Habari ya viatu naijua. Miaka tisa iliyopita, nikiwa na miaka hiyo hiyo 16, mimi na Mwaitu tulienda Kitui kununua viatu.

Wacha nieleze nilivyokuwa kwanza, ndiyo usije ukadhani hii ni hadithi ya malaika aliyeonewa. Shule ilikuwa imenirudisha nyumbani baada ya kunipata na misokoto miwili ya bangi, na haikuwa mara ya kwanza. Muguka nilitafuna asubuhi hadi usiku. Silali. Saa nane za usiku nafungua mlango natoka, mbwa wa kijiji kizima wanabweka. Kuna siku nilimsukuma Mwaitu akaangukia meko. Mkono wake wa kushoto una kovu la moto mpaka leo, na ukimuuliza atakwambia ni uji ulimwagika.

Basi tukaenda. Stejini kulikuwa na Probox nyeupe na wanaume wawili walionisalimia kwa jina langu. Walikuwa na adabu sana, na ni hiyo adabu iliyonitisha. Mmoja alinishika mkanda wa suruali kwa nyuma, vile karao hushika mwizi wa kuku, ila huyu alishika polepole, kama mtu aliyezoea. Buti ilipofunguliwa nikaona begi langu. Kwenye mfuko wa pembeni mswaki wangu ulikuwa unachungulia. Asubuhi ile nilikuwa nimeutafuta mswaki huo nikaukosa, nikasugua meno kwa kidole. Mwaitu alikuwa amesimama karibu na mama mmoja anayeuza maembe, macho chini, anayabonyeza maembe kana kwamba anataka kununua.

Nilipelekwa kwenye nyumba ya ghorofa moja yenye ukuta mrefu, nje kidogo ya Nairobi. Watu walikuwa 27. Vijana wa umri wangu tulikuwa wanne. Wengine wote walikuwa watu wazima wenye bibi na watoto, wengi wao walevi waliokuwa wameletwa na ndugu zao. Kitanda changu kilipakana na cha karani mmoja wa miaka 43 ambaye mikono yake ilitetemeka wiki mbili nzima. Alinifundisha kucheza drafti kwa vizibo vya soda, na ndiye mtu pekee mle ndani aliyeniuliza ningependa kusomea nini. Nilimwambia sijui. Akasema yeye pia hakujua, na ona.

Saa kumi na moja alfajiri ni kuamka, sala, kufagia, uji. Mchana masomo kuhusu uraibu, ambayo sitayadharau, mengine yalikuwa ya kweli. Jumatano na Ijumaa jioni ni kiti moto. (Watanzania msicheke, najua kwenu hiyo ni nyama ya nguruwe.) Mmoja wetu anakaa katikati ya duara, wengine wote wanamwambia ubaya wake kwa sauti ya juu. Wewe ni mwongo. Wewe umemuua mama yako akiwa hai. Haturuhusiwi kujitetea, kwa sababu kujitetea ni dalili ya ugonjwa. Ukilia, vizuri, umeanza kufunguka. Usipolia, bado. Kijana mmoja aliyekataa kukaa kwenye kile kiti alifungiwa stoo siku mbili.

Simu ya nyumbani ilikuwa mara moja kwa mwezi, spika ikiwa wazi, mshauri ameketi kando. Mwezi wa pili nilimwambia Mwaitu nataka kurudi nyumbani, nikamwambia na habari ya stoo. Mshauri akachukua simu kwa upole kabisa akasema, "Mama, huyo si yeye anayeongea. Ni madawa." Nilikuwa na wiki sita sijagusa hata kidonge cha maumivu ya kichwa.

Mara nyingi nimefikiria sentensi hiyo. Mshauri yule hakuwa mtu mbaya. Nadhani aliamini alichosema. Lakini tazama inavyofanya kazi. Nikisema niko sawa, huo ni ukaidi wa mraibu. Nikisema naumizwa, ni madawa yanaongea. Nikinyamaza, nimejifungia. Neno moja tu lingenitoa pale, nalo ni kukubali, na ukikubali basi umethibitisha kwamba walikuwa na haki ya kukuleta. Hakuna kitu ambacho ningeweza kusema au kufanya kikaonyesha kwamba wamekosea. Imani ya namna hiyo, hata ikiwa sahihi, haina njia ya kujua kama ni sahihi.

Walikuwa wamemwambia Mwaitu miezi mitatu. Nilikaa saba, kwa sababu kila mwezi wa mwisho ulipofika ripoti ilisema bado sijakubali. Elfu 30 kwa mwezi. Piga hesabu: laki mbili na elfu kumi. Ng'ombe wawili walikwenda, na kipande cha shamba kilichopakana na mto. Kipande hicho ndicho kingenisomesha. Nilifika chuo kikuu, ndiyo, nikasoma falsafa mihula mitatu, halafu karo ikaniambia niende nyumbani na sijarudi. Kwa hivyo ukisoma hapa nikimtaja mwanafalsafa ujue namkumbuka kwa mihula mitatu tu, na ya nne ilibaki Matinyani kwenye mchanga.

Mwishowe nilitoka kwa kusema uongo. Nilikaa kwenye kiti moto nikaungama kwamba nimetumia kokeini. Kokeini sijaiona hadi leo. Lakini bangi na muguka vilikuwa vidogo mno, havikutosha kumridhisha mtu, na nilikuwa nimeona wenzangu walioungama makubwa wakipewa tarehe ya kutoka. Nililia vizuri sana. Wiki tatu baadaye nikasimama mbele ya wazazi kwenye siku ya kuhitimu, nikashukuru kituo, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru mama. Wazazi wa wengine walilia. Ninajua mama mmoja aliyeamua siku hiyo hiyo kumwacha mwanawe miezi mingine mitatu, kwa sababu ya hotuba yangu.

Mwaitu alikuja na boksi la viatu. Hakuwa amesahau. Alikuwa amenunua namba saba, na katika ile miezi mguu wangu ulikuwa umeenda namba nane. Nilivivaa hivyo hivyo hadi Kitui.

Nikiwa nje na bando ya kutosha nilitafuta kujua kile kiti kilitoka wapi. Nilidhani ni ukatili wetu wa kienyeji. Kumbe kina pasipoti. Mwaka 1958 kule California, mlevi aliyeacha pombe, Charles Dederich, alianzisha kundi la Synanon kuwasaidia waraibu wa heroini. Walikaa kwa duara wakashambuliana kwa maneno, wakauita huo Mchezo. Kundi likaishia kuwa kama dini ya mtu mmoja. Mwaka 1978 wafuasi wake walimwekea nyoka wa sumu kwenye sanduku la barua wakili aliyekuwa amewashinda kortini. Aliumwa, akapona. Lakini duara lilikuwa lishatoka nje zamani. Liliingia kwenye shule na kambi za kunyoosha vijana kote Marekani, kama Straight iliyofunguliwa Florida mwaka 1976. Paris Hilton, yule yule wa magazeti ya udaku, alipelekwa kwenye shule ya namna hii huko Utah, Provo Canyon, akiwa kijana, na akaja kusimulia aliyoyapitia. Yeye na wenzake walisumbua wabunge mpaka Desemba 2024 ikapita sheria inayoagiza uchunguzi wa unyanyasaji katika vituo hivyo. Sikuwahi kudhani nitakuwa na kitu sawa na Paris Hilton.

Na kwa majirani zetu Wasomali kuna dhaqan celis, maana yake kurudisha mtu kwenye mila. Vijana waliolelewa London au Minneapolis wanajikuta wamefungiwa Mogadishu au hapa Eastleigh kwa sababu wameanza kuvuta, au wamebadilika, au wamependa mtu asiyefaa. Wengi wao huambiwa wanaenda likizo. Sisi huambiwa viatu.

Kote huko sababu inayotolewa ni moja, na kila mzazi Mkenya ameshaisema: utakuja kunishukuru.

Mimi nilishukuru mara mbili. Ya kwanza ni ile ya siku ya kuhitimu, ambayo tuseme ukweli ilikuwa nauli ya kutokea. Ya pili ndiyo inanisumbua, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Miaka mitatu baadaye nilimkuta stejini Kitui msee tuliyekuwa tukivuta naye. Alikuwa anaokota chupa na kuongea na hewa. Alinitazama asinijue. Nilipopanda matatu nilisema moyoni, asante Mwaitu. Sikuwa naigiza.

Je, shukrani hiyo inahalalisha Probox? Nimeizungusha swali hili miaka mingi. Mtu anaweza kusema ni kama upasuaji: unafika hospitalini umezimia, daktari anakupasua bila kukuuliza, ukiamka unashukuru, na kushukuru kwako kunamaliza maneno. Lakini daktari wa upasuaji hakati kile kiungo kinachotoa shukrani. Anashughulikia utumbo, anakuacha wewe kama ulivyo, na ni wewe yule yule wa jana unayeamka kumpima. Kituo kilikuwa kinanifanyia kazi mimi mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha anayetoka ni mtu anayeshukuru. Sasa utampima fundi kwa ushahidi wa kiti alichokitengeneza?

Halafu kuna msee wa tatu. Tulikuwa watatu. Huyu hakupelekwa popote, hakuna aliyekuwa na laki mbili za kumpeleka. Aliacha mwenyewe msichana wake aliposhika mimba, na sasa anauza simu Mwingi, ana watoto wawili na kitambi. Nikimtazama yule wa chupa nasema Mwaitu aliniokoa. Nikimtazama huyu wa simu nasema Mwaitu aliuza shamba bure. Ningekuwa yupi kati yao? Hakuna njia ya kujua, na ndiyo maana hasira yangu pia haithibitishi chochote. Ninasema hivi kwa sababu nimesoma maandishi ya watu wengi waliopitia vituo kama hivi, na kila mmoja anaitumia hali yake ya sasa kama hukumu. Aliyefaulu anasema walifanya sawa, aliyeharibika anasema walimharibu. Mimi nadhani jambo hilo tungelihukumu siku ile ile ya Probox, kwa yale Mwaitu aliyojua na yale waliyomficha.

John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba huwezi kumlazimisha mtu kwa sababu tu ni kwa faida yake mwenyewe. Unaweza kumshauri, kumsihi, hata kumkemea, lakini nguvu ni za kumzuia asiwadhuru wengine. Darasani sote tulikubali. Kisha mwalimu akatuonyesha aya inayofuata: watoto hawamo. Na papo hapo, karibu kwa pumzi ile ile, Mill anawatoa pia watu wa mataifa ambayo aliyaona bado hayajakomaa, akasema hao utawala wa mkono wa chuma unawafaa madamu lengo ni kuwaboresha. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyotawala India, basi si ajabu. Darasa zima liligeuka kumkasirikia kuhusu sisi Waafrika. Hakuna aliyerudi kwenye habari ya watoto. Mimi nilibaki hapo hapo, kwa sababu nilikuwa nimeishi kwenye sentensi zote mbili.

Kenya tuna mahali ambapo sentensi hizo mbili zilikutana. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya Wamumu, upande wa Kirinyaga, kwa wavulana waliokamatwa wakati wa Mau Mau, wengine wakitolewa kwenye kambi za watu wazima kama Manyani. Neno lililotumika ni lile lile tunalotumia leo: kurekebishwa. Kulikuwa na gwaride, masomo, ufundi, michezo. Na ugumu wa hadithi hii ni kwamba Wamumu haikuwa jehanamu kama Manyani. Wavulana wengi walitoka na kazi. Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi pale, ndiye aliyeanzisha Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, na hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa Starehe ni nini. Kwa hivyo mtu anaweza kusema, ona, ilifanya kazi. Lakini ugonjwa uliokuwa ukitibiwa ulikuwa nini? Mtoto wa miaka 14 aliyebeba chakula msituni, au aliyekula kiapo kwa sababu baba yake alikula, alikuwa na shida gani kichwani? Aliyeshika ufunguo ndiye aliyeandika jina la ugonjwa. Wamumu bado ipo, ni shule ya kurekebisha watoto, chini ya serikali yetu wenyewe.

Sasa njoo upande wa Mwaitu, kwa sababu ni rahisi sana kuandika kwenye laptopu Nairobi.

Mwaka ule Mwaitu alienda kwa chifu, chifu akasema ataongea na mimi kwenye baraza. Akaenda kwa pasta, nikaombewa. Shule ilimpa barua. Polisi walimwambia, "Mama, akifanya kosa tutamshika," yaani asubiri mpaka nifanye kosa, na kosa ambalo wangelijali ni la damu. Susu alisema nirogwe nirogoke, kwamba kuna mtu amenichezea. Yeye alikuwa akilala na mlango umefungwa kwa ndani na panga zote za boma ziko chini ya kitanda chake. Mlango mmoja tu ulifunguka, na ulikuwa wa elfu 30 kwa mwezi. Ukitaka kumhukumu, mhukumu ukiwa umesimama naye pale mekoni saa nane usiku, mkono umeungua, na mtoto uliyemzaa anatoka gizani bila kugeuka. Mimi kila nikisimama hapo hoja zangu zinapungua.

Kwa hiyo siamini kwamba nguvu ni kosa kila mara. Mtoto akikimbilia barabarani humuombi ruhusa, unamvuta. Nilihitaji kuvutwa. Lakini ukishamvuta unamwachilia akiwa kando ya barabara. Humfungii chumbani miezi saba mpaka akubali kwamba magari ni mabaya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi unaofaa, na asichanganywe na watu wazima. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Nimekisoma kifungu hicho nikamkumbuka karani wangu wa drafti, ambaye kisheria hakupaswa kuwa pale, na ambaye ndiye kitu kizuri kilichonitokea pale.

Na kuna kinaya ambacho sijawahi kukizoea. Ningekuwa nimeiba ng'ombe, ningepelekwa mbele ya hakimu. Ningekuwa na faili. Angeweza kunipeleka bostali, Shikusa au Shimo la Tewa, na sheria ya mabostali ina kikomo, miaka mitatu, halafu unatoka hata kama hujakubali kitu. Mwizi wa ng'ombe ana tarehe. Mimi niliyependwa sikuwa nayo. Upendo haukuniandikia siku ya mwisho, haukunipa mtu wa kumlalamikia, na kwa sababu ulikuwa upendo hakuna aliyeona kwamba kuna haja.

Tuna msemo, samaki mkunje angali mbichi. Nimeusikia kwa wazee, kwa walimu, na kwa mshauri yule. Hakuna anayekumbuka kwamba samaki huyo tayari amekufa.

Kati ya yote hayo, mlango uliofungwa, kiti, stoo, kitu ambacho hakijaisha ni viatu. Nimejichunguza, nakwambia. Nina miaka 25 na bado Mwaitu akiniambia "twende mahali" tumbo linanikata. Rafiki akinipa lifti naangalia buti. Sidhani ningekuwa hivi kama angeniambia jikoni, uso kwa uso: nimechoka, nakuogopa, kesho watu wanakuja kukuchukua na mimi ndiye nimewaita. Ningetukana. Labda ningetoroka. Huo ndio ubaya wake, kwamba uongo ule ulikuwa na sababu nzuri. Ukisema ukweli ndege anaruka. Lakini aliyeniambia uongo ndiye mtu ambaye baadaye nilitakiwa kumwambia ukweli wote ili niitwe mzima.

Nilienda Matinyani Alhamisi. Matatu hadi Kitui, kisha boda. Binamu yangu nilimkuta mtoni, mto umekauka, vijana wanapakia mchanga kwenye lori. Ameota ndevu tatu. Meno yashaanza kuwa ya kahawia ya muguka. Tukakaa kwenye ukingo.

"Nimetumwa nikupeleke Kitui tukanunue viatu," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Braza, habari za viatu kijiji kizima inazijua."

Nikamwambia gari litakuwa wapi, na siku gani. Akatupa jiwe mtoni.

"Miezi mingapi?"

"Walisema mitatu."

"Ukakaa?"

"Saba."

"Na ulipona?"

"Niliacha."

"Sijauliza hivyo," akasema.

Usiku ule hakulala nyumbani. Asubuhi mama mdogo alikuja kwetu, leso kichwani, hakuketi. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Wewe ulisaidiwa. Sasa mwenzako unamnyima." Mwaitu alikuwa anachambua pojo, na hakuinua kichwa kunitetea. Siku nne tulikaa hivyo. Niliwaza juu ya lori la mchanga, juu ya mito, juu ya yule wa chupa. Kama angepatikana amekufa ningesema nini, kwamba nilimheshimu? Nilitafuta hoja yoyote kati ya hizi nilizoziandika hapa juu na hakuna hata moja iliyonisaidia kupata usingizi.

Jumatatu alirudi, njaa imemleta. Tulikaa wanne kwenye kivuli cha mwembe, mambo ya aibu kabisa, hakuna anayejua kuanza. Mwisho tulikubaliana hivi. Deni la sola atalilipa kwa kupakia mchanga. Kila Jumanne ataenda kliniki kwenye hospitali ya kaunti pale Kitui, mimi nitatuma nauli. Na nikamwambia mbele ya mama yake: ukimwinulia mkono huyu, nitakuja mimi mwenyewe na watu tukuchukue, na nitakwambia tunakoenda, na nitakwambia siku ya kutoka. Akanitazama muda mrefu. "Sawa," akasema, kwa ile sauti ya kijana anayetaka tu kikao kiishe.

Ameenda mara mbili. Ya tatu hakwenda. Mama mdogo hajaongea nami tangu siku ile, na pengine yuko sawa. Elfu mbili nyingine zinaweza kupotea wakati wowote, na kuna vitu vya thamani kuliko sola. Mwaitu alinipigia juzi kuniuliza kama nakula. Tulipokuwa karibu kukata simu akasema, bila kuulizwa, "Vile viatu vilikuwa vimekubana, sivyo?" Nikamwambia kidogo.

Kesho ni Jumanne. Nimemtumia binamu mia nne za boda, na ujumbe: kliniki ni saa tatu. Hajajibu. Tiki mbili zimekuwa za bluu.